Usiniambie "Pumua Tu"

Nina miaka 23 na nimeishi na kifafa tangu nikiwa na miaka 14. Nimelisema hili kwenye video zangu mara kadhaa, na kila nikilisema hutokea watu watatu. Wa kwanza ananiombea. Wa pili ananiuliza kama kuna mtu kwetu alinifanyia kitu, tena anauliza kwa upole kabisa. Wa tatu ndiye nataka kuongea naye leo kwa sababu ndiye anazidi kuongezeka. Huyu hunitumia video ya jamaa ameketi juu ya mkeka, macho yamefungwa, na chini yake ameandika: "Jaribu hii. Kifafa ni stresi tu. Pumua."

Kifafa si stresi tu. Tuanzie hapo ndio tusipotezeane bando.

Seli za ubongo huongea kwa umeme mdogo mdogo. Kwa mtu kama mimi, kuna wakati kundi la seli hufyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi, na mwili unafuata. Sababu ni nyingi: kuumia kichwa ajalini au wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya tegu iliyofika kwenye ubongo, kurithi. Na mara nyingi daktari anatafuta sababu na haioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani sisi na majirani. Shirika hilo hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Kutibiwa, wasee. Mkeka haujatajwa.

Sasa kabla hujafunga hii posti ukidhani nachukia meditesheni: mimi hufanya. Karibu kila jioni. Ninachopinga ni jinsi inavyouzwa kwetu, kwamba anayeanguka ni yule ambaye hajajua kutulia. Hebu lisikilize hilo vizuri. Maana yake nikianguka kwenye steji ya matatu, nikaamka na mdomo una damu na watu thelathini wananitazama, kosa ni langu kwa sababu sikupumua. Umenipa ugonjwa na lawama juu yake, halafu unashangaa nina stresi.

Na hata hiyo kupumua yenyewe, wengi wanaifundisha vibaya.

Ukienda kupimwa umeme wa ubongo, unabandikwa vijiwaya kichwani, unalazwa, na katikati ya kipimo mhudumu anaweza kukuambia upumue kwa nguvu na kwa kasi, kama mtu anayepuliza puto, kwa dakika tatu hivi. Si kwamba anataka utulie. Anafanya hivyo kwa sababu pumzi ya aina hiyo inaweza kuamsha kifafa, naye anataka kukiona kwenye mashine akiwa hapo karibu nawe. Ukipumua kwa kasi unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu kwenye ubongo inabana, na ubongo ambao tayari una tabia ya kuwaka unaweza kuwaka. Inaonekana sana kwa watoto wenye kile kifafa cha kupotea, yule mtoto anayenyamaza ghafla katikati ya sentensi, anatazama ukuta sekunde kumi, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu anadhani anaota mchana. Anachapwa kwa kutosikiliza, kumbe ana kifafa.

Basi fikiria kitu ambacho hospitali hukifanya kwa tahadhari, mtaalamu akiwa pembeni, sasa kuna msee anakifundisha TikTok na sauti ya mawimbi ya bahari nyuma yake. Pumua haraka mara thelathini, shika pumzi, rudia. Kwenye komenti mtu anauliza, "Hii inasaidia kifafa?" Jamaa anajibu na moyo wa zambarau. Hata hakujibu, ameweka tu moyo! Wueh.

Kupumua polepole ni kitu kingine kabisa. Kuvuta hewa taratibu kwa pua, kuitoa taratibu zaidi, bila kuishika wala kushindana na mtu, hiyo sina shida nayo. Lakini ukiona neno "kasi" au "nguvu" kwenye somo la kupumua, na una kifafa, pita. Kama unaitaka sana, muulize daktari wako kwanza, si mimi wala huyo wa mawimbi.

Turudi kwa stresi yenyewe, kwa sababu ukweli ni kwamba ina mkono kwenye hii stori. Waulize watu wenye kifafa ni nini huwachokoza, na stresi hutajwa pamoja na kukosa usingizi na kuruka dawa. Shida ni kuwa stresi haitembei peke yake. Chukua mwanafunzi wa chuo wiki ya mtihani. Analala saa tisa usiku. Chakula cha mchana ni chai na andazi. Dawa ya asubuhi imepitwa kwa sababu alitoka mbio. Alhamisi wanamaliza karatasi ya mwisho, wanaenda kusherehekea, anakunywa. Ijumaa anaanguka, na familia nzima inasema ni stresi ya masomo. Ni stresi, sawa. Lakini ni usingizi, ni njaa, ni dawa, ni pombe. Ukimpa huyu mtu dakika kumi za kufunga macho na kuyaacha hayo mengine yote yalivyo, umempa nini?

Usingizi acha niutolee povu kidogo, mnisamehe.

Shule ya kwanza ya bweni niliyosoma, na siitaji, tulikuwa tunaamshwa saa kumi alfajiri. Taa zinazimwa saa tano usiku. Hesabu mwenyewe, ni saa tano za usingizi, kama ulilala mara tu taa ilipozimwa, na hakuna mtoto wa Kidato cha Kwanza hulala mara tu taa ikizimwa. Dawa zangu zilikaa kwenye kabati ya matroni, na zile za usiku nilitakiwa kuzifuata baada ya masomo ya jioni, wakati ofisi yake mara nyingi imefungwa. Mathe alikuja na barua ya daktari ikisema huyu mtoto anahitaji kulala saa nane. Jibu alilopewa ni kwamba sheria ya shule ni moja kwa wote. Muhula huo nilianguka mara nne, moja nikiwa kwenye ngazi. Mwalimu mmoja akashauri nipelekwe nyumbani "hadi nipone", kana kwamba nina mafua.

Mwaka uliofuata mathe alinihamisha shule ya kutwa. Niliamka saa kumi na mbili. Dawa ilikuwa juu ya friji, mathe anaiona nikiimeza. Mwaka mzima nilianguka mara moja. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile, na hakuna mtu aliyenifundisha kupumua. Nililala tu, na nikameza dawa kwa wakati. Mimi ni mtu mmoja, siwezi kuwa utafiti, lakini ndio sababu nikisikia shule ikijisifu kwamba watoto wake huamka kabla ya jogoo, mimi humfikiria yule mmoja kwenye hilo bweni ambaye ubongo wake hauwezi hayo mashindano.

Na kwa kuwa tumetaja usingizi, kesha. Nawaheshimu, mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini kumpeleka mtu mwenye kifafa akeshe usiku kucha aombewe apone, halafu akianguka saa tisa usiku mseme ni pepo limechokozwa na maombi... limechokozwa ni ubongo uliokosa kulala. Muombeeni mchana. Mungu hafungi ofisi kama yule matroni.

Kuna watu wamepima haya mambo ya kutuliza akili kwa njia ya kisayansi, na majibu yao ni ya kuvutia kuliko zile video. Hong Kong, watafiti walichukua watu 60 ambao dawa zilikuwa hazijawazuia kuanguka. Nusu walifundishwa kutafakari kwa utulivu, ile ya kuangalia pumzi na mawazo yako bila kupigana nayo. Nusu walikutana kama kikundi cha kusaidiana. Matokeo yalichapishwa 2015, na maisha yaliboreka kwa vikundi vyote viwili, zaidi kwa wale wa kutafakari. Marekani wakafanya utafiti mwingine uliotoka 2018, watu 66. Kikundi kimoja kilifundishwa kukaza na kulegeza misuli, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine. Kikundi cha pili kilipewa mazoezi madogo ya kusogeza mwili kwa umakini, ambayo hayakukusudiwa kutuliza mtu. Wote waliandika hali yao kila siku. Baada ya wiki 12, kuanguka kulipungua kwa asilimia 29 kwa wa kwanza na asilimia 25 kwa wa pili. Yaani karibu sawa! Tofauti iliyoonekana ni kwamba wale wa misuli walishukisha stresi zaidi.

Mtu anaweza kusoma hayo na kusema basi kulegeza misuli hakuna kazi. Mimi nasoma hivi: kwa miezi mitatu, watu wa vikundi vyote viwili walikuwa na kitu kidogo cha kufanya kila siku, walijiangalia, waliandika, na kulikuwa na mtu upande wa pili anayetaka kujua wameshindaje. Huenda hilo ndilo lililofanya kazi, huenda silo, lakini mimi linanigusa. Na walioshiriki walikuwa watu wanaotumia dawa. Hizo mbinu ziliwekwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa atupe vidonge ashike mkeka. Kuacha dawa za kifafa ghafla ni hatari, unaweza kuanguka mfululizo bila kuamka katikati, na watu hufa hivyo.

Sasa njoo mtaani. Hebu tuitaje stresi ya mtu mwenye kifafa hapa kwetu kwa majina yake.

Dawa zimebaki nne na kliniki ya serikali imekuambia stoo haina, ujaribu duka la dawa. Tangu 1912 dunia inatumia fenobabitali kwa kifafa, na ni kati ya dawa za bei ya chini kabisa, na bado kuna mtu anahesabu vidonge kama anayehesabu siku za kodi. Utaketije kwenye mkeka utulie na dawa ni nne?

Ya pili ni siri. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa dukani, na miezi miwili ya kwanza nilikuwa nameza dawa chooni, maji nimeyaficha kwenye mkoba. Kila mtu akisema "unaonekana umechoka" moyo unaruka. Unajichunguza kutwa: hiki kizunguzungu ni njaa au inakuja? Hiyo kazi ya kuficha ilinichosha kuliko kusimama kutwa. Siku nilipowaambia wenzangu wawili, mmoja akaniuliza tu, "Ukianguka tufanye nini?" Swali moja. Nililala usiku huo kama mtoto. Najua si kila mahali unaweza kusema, kuna wanaofukuzwa kazi kwa hili, kuna ambao mchumba huondoka wiki hiyo hiyo. Kwa hivyo sitamwambia mtu atangaze. Lakini kama kuna wawili au watatu unaowaamini, waambie.

Ya tatu ni dawa zenyewe, na hii haisemwi sana. Baadhi hubadilisha hisia. Levetiracetam inajulikana kuwafanya watu wengine wawe na hasira ya ghafla au huzuni. Unajiona umekuwa mtu mbaya, unagombana na kila mtu nyumbani, unaambiwa ujifunze kutulia, kumbe ni kidonge. Hilo ni la kumpelekea daktari abadilishe dozi au dawa, si la kuvumilia, wala si sababu ya kuacha mwenyewe. Na huzuni nzito ya kutotaka kuishi haisubiri siku ya kliniki. Unamwambia mtu leo.

Pia kuna mishtuko inayofanana kabisa na kifafa lakini haitoki kwenye umeme wa ubongo. Hiyo ni ya kweli, mtu haigizi, na tiba yake kubwa ni ushauri wa kisaikolojia. Kuitofautisha ni kazi ya daktari, kwa hivyo mtu wa komenti asikupe jina la ugonjwa wako.

Mnaniulizaga mimi hufanya nini hasa. Ni kitu cha kawaida sana, msitegemee maajabu. Saa tatu usiku nameza dawa. Nalala chali kitandani, si bafuni na si kwenye kiti, kwa sababu nikianguka nataka niwe tayari niko chini. Naanza na vidole vya miguu: nakaza kwa sekunde tano hivi, naachia, nasikia vikilegea. Ndama. Mapaja. Tumbo. Ngumi. Mabega, hapo ndipo stresi yangu hukaa. Uso wote, nakunja kama nimekula ndimu, naachia. Pumzi naiacha iende inavyotaka. Kama dakika kumi na tano. Jirani wa bedsita ya juu huwa anapiga gengetone saa hiyo hiyo, na nimejifunza kutoshindana naye, naisikia tu ikipita. Siku nyingine usingizi unanichukua nikiwa nimefika magotini. Hiyo nahesabu ni ushindi.

Kabla sijalala naandika mistari mitatu kwenye daftari: nimelala saa ngapi jana, dawa nimemeza saa ngapi, leo nini kilinikwaza. Daftari hilo daktari wangu hulipenda kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu kichwa husahau, tena kichwa chenye kifafa.

Kama kufunga macho kunakuletea hofu, au unahisi unapotea, acha. Tembea. Kuna mtu anafuma vitambaa, kuna anayesema tasbihi au rozari taratibu, kuna anayepanga sukuma wiki kibandani asubuhi na anakuambia hapo ndipo akili yake hutulia. Hakuna mwenye hati miliki ya utulivu.

Na wewe usiye na kifafa, uliyesoma hadi hapa, ujue stresi yangu nyingine kubwa ni wewe. Naogopa zaidi yale mtakayonifanyia nikiwa chini kuliko kuanguka kwenyewe. Nimeamka na kijiko mdomoni. Nimeamka nimemwagiwa maji. Rafiki yangu mmoja aliachwa peke yake barabarani kwa sababu watu waliogopa mate yake, eti kifafa huambukiza. Hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kumshika mtu, si kwa kula naye sahani moja.

Mtu akianguka, angalia saa. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Usimshikilie kwa nguvu, usimwekee chochote mdomoni, hata kijiko, hata kitambaa. Mwili ukitulia, mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue. Kaa naye hadi ajue yuko wapi. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajaamka, au ameumia, au ameanguka ndani ya maji, au ni mjamzito, au hiyo ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali mbio. Na zima hiyo kamera, tafadhali.

Wale mnaotengeneza video kama mimi, ombi langu ni dogo. Mkifundisha kupumua, semeni mwanzoni kuwa ile ya kasi si ya watu wenye kifafa. Ni sekunde nne za video. Mkiulizwa kwenye komenti kama inatibu kifafa, andikeni "hapana, endelea na dawa zako." Ni maneno matano, na mtu hataacha vidonge kwa sababu ya emoji.

Na wewe unayeishi na mtu mwenye kifafa, chumba kimoja, hosteli moja, dawati moja, muulize leo jioni anataka umpigie nani akianguka, na dawa zake huwa ziko wapi. Ihifadhi hiyo namba kwenye simu yako kwa jina utakalolipata haraka. Zangu ziko kwenye droo ya juu, upande wa kushoto.